Nyota za wengine, mawe yetu

Mlima Kilimanjaro una urefu gani? Mwanafunzi yeyote atajibu bila kusita: mita 5,895. Takwimu hiyo ni ya mwaka 1952, pale wapimaji wa Kiingereza walipoelekeza darubini zao kileleni kutoka mbali wakapiga hesabu za pembe. Mwaka 1999 timu ya Wajerumani na Watanzania ilipanda na vipokezi vya setilaiti hadi kilele cha Uhuru, ikashuka na jibu jingine: mita 5,892 na ushei. Mwaka 2008 msafara mwingine ukapata takriban mita 5,891. Mlima haujasinyaa. Kilichobadilika ni kipimo, na kipimo chenyewe kina siri ambayo haitajwi sana. Kipokezi cha setilaiti hakijui bahari iko wapi. Kinajua tu umbali wake kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, tufe lililobonyea kidogo kwenye ncha zake, na kwa umbo hilo kilele cha Uhuru kiko takriban mita 17 chini ya takwimu iliyotangazwa mwaka 1999. Ili kuzijazia mita hizo 17, lazima mtu awe amepima nguvu ya mvutano wa dunia kuuzunguka mlima, na wataalamu wawe wamekubaliana sifuri ni wapi. Chombo kilifikia sentimita, lakini zile mita 17 ziliamuliwa na makubaliano ya watu.

Kisa hicho kinafaa kuwekwa mezani leo, wakati vipokezi vya usahihi wa hali ya juu vinaingia Afrika Mashariki kwa wingi na kwa bei inayoshuka. Tumezoea kuisimulia historia ya vyombo hivi kama hadithi ya kisanduku kilichozidi kuerevuka mwaka hadi mwaka. Ukiifuatilia kwa makini, historia hiyo inasema jambo tofauti: usahihi haukai ndani ya kisanduku. Unazaliwa kati ya kisanduku kimoja na kingine kilichowekwa juu ya alama ambayo mahali pake panajulikana. Kwa hiyo nchi inayonunua visanduku huku ikiziacha alama zake zing'olewe na kusahauliwa inanunua tarakimu baada ya nukta, hainunui ukweli.

Tuanze na wimbi lenyewe. Setilaiti ya GPS huzunguka takriban kilomita 20,200 juu ya vichwa vyetu ikiwa na saa za atomu, na kazi yake ni kutangaza saa ngapi na iko wapi. Kipokezi hupima muda ambao tangazo limetumia njiani, kikaugeuza kuwa umbali. Kikiwa na umbali wa setilaiti nne, kinajua kilipo na kinajua pia saa yake yenyewe imekosea kiasi gani. Ugumu unatokana na kasi ya mwanga: katika nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, wimbi hukimbia sentimita 30. Jeshi la Marekani, lililorusha setilaiti ya kwanza ya mfumo huo Februari 1978, liliwapa raia msimbo ambao kila alama yake hujitandaza mita 293 angani. Kipokezi kizuri kinaweza kuigawa alama hiyo mara mia moja, kikafikia mita tatu hivi. Kwa nahodha anayetafuta lango la bandari, mita tatu ni neema. Kwa majirani wawili wanaogombea ua wa michongoma, mita tatu ndiyo kesi yenyewe.

Waliovuka kikwazo hicho hawakuwa wanajeshi wala mabaharia. Charles Counselman na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walichota wazo lao kwenye falaki ya redio, ambako antena mbili zilizo mbali hulisikiliza chimbuko lilelile la mawimbi angani, kisha kumbukumbu zao zikalinganishwa. Chombo chao, Macrometer, kiliingia sokoni mwaka 1982, na hakikujishughulisha na kuusoma msimbo. Kilisikiliza wimbi linaloubeba msimbo huo, ambalo urefu wake ni sentimita 19 tu. Ukiligawa hilo mara mia moja, unapata milimita mbili. Tatizo ni kwamba wimbi moja ni sawa na jingine. Kipokezi kinajua kipo wapi ndani ya wimbi moja, ila hakijui ni mawimbi mangapi mazima yaliyo kati yake na setilaiti. Ni kama saa yenye mshale wa dakika pekee: inakuambia ni dakika 25 baada ya saa, lakini haikuambii saa ngapi. Dawa ya wakati huo ilikuwa subira. Vipokezi viwili viliachwa vikisikiliza kwa pamoja kwa muda mrefu, hadi setilaiti zisogee vya kutosha na hesabu ikubali jibu moja tu. Setilaiti zilikuwa chache mno, hivyo wapimaji walifanya kazi saa zilizopangwa na anga, hata ikiwa ni usiku wa manane. Kipokezi kimoja pekee hakikuwa na faida yoyote kwa kazi hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja hii uliletwa na watu wasiokusudia kuuleta. Katika miaka ya 1990 Marekani iliyatia mawimbi ya raia kosa la makusudi, kiasi kwamba kipokezi cha kawaida kiliweza kupotoka kwa karibu mita 100. Hali hiyo iliendelea hadi usiku wa Mei 1, 2000, Rais Bill Clinton alipoamuru kosa hilo liondolewe. Lakini katika miaka hiyohiyo wapimaji ardhi walikuwa wakipima sentimita. Waliwezaje? Vipokezi viwili vilivyo jirani husikia uongo uleule kwa wakati uleule. Kimoja kikiwa juu ya alama inayojulikana, kinajua kimeongopewa kiasi gani, na ukitoa kiasi hicho kwenye hesabu ya mwenzake, uongo unafutika. Vivyo hivyo hufutika makosa ya saa za setilaiti, makosa ya njia zake angani na sehemu kubwa ya ucheleweshaji unaosababishwa na hewa. Jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani lilishindwa kuwaficha raia sentimita, kwa sababu tu raia wawili walikubali kulinganisha walichosikia. Sharti lilikuwa moja: wasiwe mbali sana. Kadiri umbali kati yao unavyoongezeka, ndivyo kila mmoja anavyosikia kosa lake mwenyewe, na kwa kawaida kila kilomita huongeza takriban milimita moja ya shaka.

Haitakuwa haki kusema kwamba wahandisi wa vyombo hawakufanya kitu. Yapo makosa ambayo jirani hawezi kuyaponya, kwa sababu hayasikii. Kubwa kati ya hayo ni mwangwi: wimbi linalogonga paa la bati au ukuta wa ghorofa, kisha likaingia kwenye antena likiwa limechelewa. Mwaka 1992 wahandisi wa kampuni ya NovAtel ya Calgary, Kanada, walionyesha namna ya kulikata wimbi kwa dirisha jembamba zaidi ili lililokuja moja kwa moja litenganishwe na mwangwi wake. Marekani ilipoufunga msimbo wa kijeshi kwa siri Januari 31, 1994, wapimaji walikuwa hatarini kupoteza manufaa ya masafa ya pili, ambayo yanahitajika kwa kuwa tabaka la juu la anga huyachelewesha masafa tofauti kwa viwango tofauti. Kampuni ya Ashtech, iliyoanzishwa na mhandisi mzaliwa wa Iran, Javad Ashjaee, ilibuni njia ya kuyapata masafa hayo bila kuivunja siri yenyewe. Nako Delft, Uholanzi, Peter Teunissen alichapisha mwaka 1993 mbinu ya kihesabu ya kuhesabu yale mawimbi mazima, na saa za kusubiri zikawa dakika, kisha sekunde. Mbinu hizo zilipounganishwa na redio ya mawasiliano, ukapatikana upimaji ambao mafundi wetu wanaufahamu kwa herufi RTK: kituo kilichotulia, besi, humtangazia kila sekunde mwenzake anayetembea, rova, kile ambacho besi imekisikia. Ukizitazama hatua hizo zote, zimeusafisha ulinganishaji na kuuharakisha. Hakuna hata moja iliyomfukuza jirani.

Kisha bei ikaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kipokezi cha kijiodesia kilikuwa mzigo mzito uliogharimu zaidi ya dola 100,000 za Marekani. Tangu mwaka 2018, moduli ndogo kuliko kiberiti, zenye kupokea masafa mawili, zinauzwa kwa mamia machache ya dola, na baadhi ya simu za mkononi zina uwezo huo. GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, iliyokamilika mwaka 2020, zimeungana na GPS, na sasa setilaiti zilizo angani ni zaidi ya 100. Programu ya RTKLIB ya Tomoji Takasu wa Japani, inayofanya hesabu zilizokuwa siri za makampuni, hutolewa bure. Kizuizi kilichowatenga wapimaji wa nchi maskini kwa miaka mingi kimeondoka. Ndiyo maana sasa kizuizi cha pili kinaonekana waziwazi: ile besi inawekwa juu ya alama gani?

Hapa kwetu swali hilo lina historia ndefu. Ramani za Kenya, Uganda na Tanzania zimejengwa kwa miongo mingi juu ya mfumo unaoitwa Arc 1960, uliotokana na mlolongo wa pembetatu uliopimwa kilima kwa kilima, kazi iliyohusiana na ule mnyororo mkubwa wa kuipima Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. Nguzo zake ni mawe na saruji juu ya vilele, baadhi yake hayaonekani tena. Setilaiti nazo zinazungumza kwa mfumo wa dunia nzima. Mahali palepale pakiandikwa kwa mifumo hiyo miwili, tofauti katika eneo letu ni takriban mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini. Mpimaji akichagua mfumo usio sahihi kwenye kidude chake cha kuingizia taarifa, kipokezi kitampa jibu la usahihi wa sentimita mbili ndani ya kosa la mita 300, na hakitatoa hata mlio wa onyo. Kosa la mita 300 angalau linashtua jicho. Kosa la hatari zaidi ni la nusu mita, pale wapimaji wawili wanapoanzia kwenye alama mbili ambazo hazijawahi kulinganishwa, kila mmoja akaweka bikoni zake kwa uaminifu, na ramani mbili zenye mihuri zikakutana mahakamani.

Pingamizi la kwanza ni la wanaofuatilia teknolojia kwa karibu. Watasema zama za besi zimekwisha. Tangu Januari 2023 Galileo inatangaza bure, kutoka angani, masahihisho yanayokifikisha kipokezi kimoja kwenye usahihi wa takriban sentimita 20, na zipo huduma za kulipia zinazofika chini ya hapo. Ni kweli, na kwa trekta shambani au boti ya utafiti baharini hayo ni maendeleo makubwa. Lakini masahihisho hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Yanakokotolewa kutoka kwenye vituo vya kudumu vilivyotawanyika duniani, visikilizavyo usiku na mchana, vya aina ileile ya vituo vya kimataifa vilivyopata kuwekwa Malindi, Mbarara na Kigali. Jirani hakuondoka, amehamia mbali tu. Tena jibu linalotolewa ni la mfumo wa dunia kwa siku hiyo, na ardhi haijatulia. Bara letu linaelea kuelekea kaskazini-mashariki kwa sentimita mbili na nusu hadi tatu hivi kila mwaka, na Bonde la Ufa nalo linaachana kwa milimita chache. Kiwanja kilichopimwa leo kwa namba za angani kitakuwa kimehama nusu mita kwa namba hizo mjukuu atakapokwenda kukirithi baada ya miaka 20. Anayeweza kusema kwamba jiwe ni lilelile ni mtandao wa nchi, unaosafiri pamoja na ardhi yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, tunahitaji sentimita kweli? Rwanda, kati ya mwaka 2009 na 2013, iliandikisha zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi kwa kutumia picha za angani na za setilaiti, wananchi wakiionyesha mipaka yao wenyewe juu ya picha. Kenya nayo, katika sheria yake ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012, inakubali kwamba ramani ya usajili huonyesha mpaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale ilipoandikwa kwamba mpaka umethibitishwa. Wanaotoa mifano hii wana haki ya kuuliza kwa nini mkulima wa ekari tatu alipishwe gharama ya milimita. Nakubaliana nao kwa shamba la ekari tatu. Ila mashamba hayabaki ekari tatu. Yanagawanywa kwa warithi, kisha yanauzwa vipande, na pembezoni mwa miji ya Kenya kipande kinachouzwa zaidi ni cha futi 50 kwa 100, yaani mita 15 kwa 30 hivi. Mita moja ikimegwa upande wake mrefu, mwenye kiwanja amepoteza karibu asilimia 7 ya alichokilipia. Jambo la msingi zaidi ni kwamba hata picha ya angani haijifungi yenyewe kwenye ardhi. Inafungwa kwa alama zilizopimwa, na ikiwa alama hizo ni za mfumo mmoja, mpaka uliochorwa kwa makadirio leo unaweza kunolewa kesho bila kuanza upya. Mfano wa Rwanda haupingi mtandao wa vituo, ila unatufundisha mpangilio: mfumo wa pamoja kwanza, usahihi wa kila kiwanja baadaye na kwa kadiri ya haja.

Pingamizi la tatu linatoka hazina. Vituo vya kudumu ni gharama, na gharama yake ni ya aina isiyopendwa, kwa sababu hakuna utepe wa kukata kila mwaka. Kipokezi kipya kinapigwa picha siku kinapokabidhiwa, lakini kituo kinadai umeme, intaneti, betri, mlinzi na mtu wa kusoma takwimu zake mwaka baada ya mwaka. Jibu ni kwamba kituo kimoja hakimhudumii mpimaji mmoja. Mvuke wa maji hewani huyachelewesha mawimbi kidogo, na ucheleweshaji huo, ambao kwa mpima ardhi ni kero, kwa mtabiri wa mvua ni taarifa. Vipokezi vya kudumu vilivyowekwa kwenye Ol Doinyo Lengai huutazama mlima wa volkano ukivimba au kunywea kabla jicho halijaona lolote. Barabara, bomba la mafuta na reli vyote vinahitaji alama zilezile. Mradi mmoja ukijiwekea besi zake na kuondoka nazo, taifa linalipia kazi ileile mara tatu au nne. Takwimu zikiwa wazi kwa kila mwenye leseni, au hata kwa kila mwananchi, gharama hiyo inagawanyika hadi kuwa ndogo. Zikifungiwa kabatini, basi hazina itakuwa na haki ya kulalamika.

Kuna sababu nyingine inayotudai vituo vya karibu zaidi kuliko vile vinavyowatosha Wazungu. Tunaishi jirani na ikweta ya sumaku ya dunia, inayopita kaskazini mwetu, Ethiopia. Katika ukanda huu, hasa katika miaka ambayo jua lina shughuli nyingi, baada ya jua kuzama tabaka la ionosfea hufanya mapovu, na mawimbi ya setilaiti yakipita humo hupepesuka kama mshumaa penye upepo. Kipokezi hupoteza hesabu ya mawimbi yake na kuanza upya. Umbali kati ya vituo unaotosha Ujerumani hautoshi hapa, kwa kuwa anga ya besi na anga ya rova huacha kufanana mapema zaidi. Hata wenye mitandao mizuri hawajasalimika: dhoruba ya jua ya Mei 2024 iliyavuruga matrekta yanayojiendesha kwa setilaiti nchini Marekani katikati ya msimu wa kupanda. Kilichotokea huko kwa dhoruba moja, huku kwetu kinaweza kutokea kwa kiwango kidogo katika jioni ya kawaida. Hakuna kiwanda cha ng'ambo kitakachotupimia anga hiyo kwa niaba yetu, na hakuna namna ya kuijua bila masikio yaliyotegwa chini yake miaka nenda miaka rudi.

Wahenga wa pwani walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Kwa onyo hilo sote tumekwisha kukosea, maana nyota hizi ni za Wamarekani, Warusi, Wazungu na Wachina, na zinaweza kufifia kwa amri au kwa ukata, kama setilaiti za GLONASS zilivyopungua hadi chini ya 10 mwaka 2001. Kurusha nyota zetu wenyewe si jambo la kesho. Lakini ile miaka ya kosa la makusudi imekwisha kutuonyesha kwamba mwenye nyota hawezi kumpokonya sentimita mtu aliyesimama imara juu ya jiwe lake. Siku moja timu nyingine itaupanda Kilimanjaro ikiwa na vipokezi vyepesi kuliko vya mwaka 2008, na magazeti yatauliza kama mlima umeongezeka au umepungua. Jibu halitakuwa limebebwa mgongoni na wapagazi. Litategemea kazi iliyofanywa huko chini, kwenye alama za Moshi, kando ya barabara na ufukweni penye kipimo cha bahari, na kama kuna mtu aliyekuwa akizitunza.